Usukani wa Bihogo Hauchezi Tena

Furaha mwanangu,

Salamu ni za watu walio mbali, na wewe bado uko chumba cha pili, nasikia kitanda kinavyolia kila unapogeuka. Hulali. Mimi pia silali. Tungekuwa watu wenye akili tungeinuka wote wawili tukakaa jikoni tukaongea, lakini baba yako macho tu ndiyo yaliyomshinda, masikio yake yanasikia hadi panya wa jirani, na haya ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie leo. Kwa hiyo naandika. Karatasi hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uisome kabla hujavivaa.

Habari za kula, za kufua, za kumsaidia mama mdogo wako kazi huko Ruti, pembeni mwa Mbarara, sitaziandika. Unazijua, na usizozijua yeye atakuambia, maana mdomo anao. Nimekwisha kuinuka mara kadhaa kukagua begi lako, nimelifungua na kulifunga tena bila sababu yoyote. Mama yako ndivyo alivyo, mikono yake haitulii. Na hiyo mikono ndiyo ninayotaka kuizungumza.

Unajua Bihogo alivyokuja kwetu, lakini umeijua hadithi hiyo kwa mdomo wa baba yako, na kwa mdomo wa baba yako hata mbuzi huwa tembo. Ukweli ni huu. Tulipofika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukitoka milima ya kwetu, Kivu ya Kusini, hatukuwa na hata mkia wa ng'ombe. Baba yako, mtu aliyezaliwa zizini, akapewa kiwanja na jembe. Alilima kama mtu anayeadhibiwa. Baadaye akapata kazi ya kuchunga kule Rugaaga, kwa Mnyankore mmoja, mwenyeji mwema wa huku, aliyemlipa kwa ndama jike. Ndama akakua akazaa, na watoto wake wakazaa. Wenzake walipouza mifugo walinunua mashine ya kusaga au pikipiki. Yeye akaenda Ruti akarudi na landrova kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya gereji, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari la zamani kuliko ndoa yetu. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva hadi kukaribia kahawia, na ng'ombe wa mwisho aliyeuzwa ili kulinunua aliitwa Bihogo, jina la ng'ombe wa rangi hiyo, kwetu na hata kwa Wanyankore. Gari likarithi jina. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema neno "gari" nyumbani kwetu. Alikuwa Bihogo tu, na ukimwita vinginevyo baba yako haitiki.

Sasa, wewe umekulia hapa, lakini hili nalo unalijua bila kufundishwa. Kwetu husimami mbele ya zizi la mtu ukamwambia ng'ombe wako anachechemea. Hata kama mnyama amebakiza mguu mmoja, utamsifu pembe. Mwenyewe ndiye atakayesema akipenda, na mara nyingi hapendi. Watu walipanda Bihogo kwenda soko la Kaberebere na magunia yao ya maharagwe, wakashuka wakimsifu: ana nguvu, ana sauti nzuri, mlima haumtishi. Baba yako alikuwa anavimba kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba Bihogo anatembea upande.

Macho ya baba yako yalipoanza kuingia ukungu, mimi nikashika usukani. Watu walicheka, mwanamke na landrova, wakacheka mpaka walipohitaji kupeleka mahindi. Baba yako alikaa kando yangu akiniongoza kwenye barabara ambayo yeye mwenyewe haioni. Usukani ulikuwa unacheza. Kwanza unauzungusha bure, kama kukoroga uji, halafu ndipo magurudumu yanakumbuka kwamba yameitwa. Na ukilegeza mikono kidogo tu, Bihogo anakwenda kulia kutafuta mtaro. Nilidhani magari yote ndivyo yalivyo. Jingine sikuwahi kuliendesha. Nikajifunza kuanza kukata kona kabla kona haijafika, kuzungusha sana, kurudisha haraka, na kutopumzisha mikono hata pale barabara iliponyooka. Nikawa hodari, Furaha. Siongopi. Jioni mabega yalikuwa yananiuma kana kwamba nimetwanga mihogo ya arusi, na mimi nikidhani hayo maumivu ndiyo udereva wenyewe.

Kisha nikakufundisha wewe. Nilikukalisha pale, nikakupiga vidole ulipovilegeza, nikakwambia usukani ni kama mtoto mtukutu, usimwachie. Ulijifunza upesi. Nilijivunia mwanangu kuliko baba yako anavyojivunia Bihogo, na hilo si jambo dogo.

Mtu mmoja tu alituambia ukweli, polisi wa barabarani, pale Kaberebere siku ya soko, kijana ambaye hakutoka nchi ya ng'ombe. Alinisimamisha akasema, "Nyabo, hii gari yako iko nakunywa waragi?" Nilikasirika. Nilimwambia ni barabara yao ndiyo imelewa. Baba yako aliteremka kwa fimbo yake akamuuliza kama kwao waliwahi kufuga hata kuku. Kijana wa watu akatuacha, akatikisa kichwa. Tulimcheka mpaka tukafika nyumbani. Wewe ulikuwa nyuma na magunia, na sikumbuki kama ulicheka.

Tuje kwenye mwezi huu. Ulikwenda Mbarara kujaribiwa udereva kwa wale wakusanyaji wa maziwa, ukalala kwa mama mdogo, ukarudi. Nilipouliza ukasema, "Wamesema nirudi tena." Nikamshukuru Mungu, nikadhani ni habari njema. Kesho yake ukaanza: tununue rotule mpya. Ukawa huna wimbo mwingine. Rotule, ambazo mafundi wa Mbarara huziita boljointi, yale mafundo ya chuma yanayounganisha fito za usukani na magurudumu, kila moja lina kichwa cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe chake. Ulisema zimelika, vichwa vinaogelea vikombeni. Na mimi nikawaka.

Nakumbuka nilivyokujibu, na wewe unakumbuka zaidi. Nilikuambia kwamba Bihogo ndiye aliyelipa sare zako, Bihogo ndiye aliyekupeleka hospitali ulipokuwa unachemka na malaria, na sasa umeonja gari la mjini siku moja ndiyo umeanza kumdharau mamako mzazi. Baba yako alikuwa uani, akasikia, akasema kwa ile sauti yake ya chini anayoitumia akiwa ameumia kweli: "Ngombe yenye imekulisha, haumusemi vibaya mbele ya batu."

Wewe ukasema, "Baba, simusemi vibaya. Nataka tu atembee muzuri."

Basi. Uliuza simu yako ya tochi na lile koti la kwaya, ukaenda Ruti, ukarudi na rotule zimefungwa kwenye gazeti. Nilipoziona hasira zikanipungua, si kwa sababu nilielewa, ila kwa sababu nilikuonea huruma na koti lako.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu, nikubali. Tulimwinua Bihogo hapa uani kwa jeki na magogo, tukatega mawe nyuma ya magurudumu. Baba yako alikaa kwenye kigoda ameshika nati kwenye kofia yake, amenuna kama bwana arusi aliyenyimwa chakula. Zile za zamani zilikataa kutoka. Nilipiga nyundo kwa ghadhabu kuelekea chini, nikawa naharibu nyuzi za skrubu, mpaka ukaninyang'anya nyundo ukanionyesha: unapiga ubavuni mwa lile jicho la chuma linaloishika rotule, nyundo mbili kwa pamoja, moja huku na moja kule, na chuma kinashtuka kinaachia chenyewe. Kikaachia. Kisha nikaanza kuizungusha rotule ili itoke kwenye ufito wake, nikazungusha na kuzungusha, jasho linanitoka, kumbe upande ule nyuzi zake hufunguka kinyume, na nilikuwa naikaza. Ulicheka. Nami nikacheka. Hata baba yako aliuliza tunachekea nini.

Ulipozitia mpya nilitaka tuzirudishe kwa kipimo kile kile cha zamani, mizunguko ile ile, ili Bihogo abaki kama tulivyomzoea. Ukasema hapana, kipimo cha zamani ndicho kilichompotosha. Ukakata kijiti cha kupimia, ukapima nafasi kati ya magurudumu ya mbele kwa upande wao wa nyuma, ukakileta upande wa mbele, ukarekebisha, ukapima tena, mpaka mbele pakawa pembamba kwa unene wa kucha. Ukafunga kila kitu, ukatia pini za kuzuia nati, ukapaka grisi. Baba yako akaomba ashikishwe usukani. Akautikisa kushoto na kulia. Haukucheza. Akasema, "Sasa amenyamaza." Sikujua kama anashukuru au analia, na sikumuuliza.

Siku zilizofuata ukawa unaendesha wewe, kila siku, kwenda Rugaaga na kurudi, hata pasipokuwa na mzigo. Mimi kando yako. Nilikuona umeweka mikono tu juu ya usukani, kimya, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikakupigia kelele. Shika! Kaza! Anza kukata! Mara moja nikaurukia usukani mwenyewe, Bihogo akayumba, mtu wa baiskeli akaingia majanini. Ulimwomba radhi yule mtu. Kwangu mimi hukusema kitu. Ukawasha, tukaenda.

Leo mchana, ulipokuwa kwenye maombi ya kuagwa, nilimchukua Bihogo peke yangu. Nilikuwa na hamu ya kumwendesha kabla hujaondoka, sijui kwa nini, pengine ili nijue kwamba bado naweza. Nikashika njia ya ziwani. Kwenye kona ile baada ya kisima nikafanya kama siku zote: nikaanza mapema, nikazungusha sana. Bihogo akaitika papo hapo. Akaruka nje ya barabara akaingia shamba la Mzee Salatieli. Nikamrudisha, nikamrudisha kupita kiasi, akavuka barabara mpaka upande wa pili, nikamrudisha tena, tukaishia katikati ya mahindi yale yale. Nikazima injini, Furaha.

Mzee Salatieli akatoka na jembe lake. Akatazama mahindi yake, akatazama Bihogo, akasema kwa upole wake wote, "Bihogo iko na njaa leo."

Ilinichoma ile heshima. Nilimwambia, mzee wangu, acha pembe, niambie miguu. Gari hili limekuwa likienda upande tangu lini? Akainama akaokota muhindi uliovunjika, akaupangusa. Kisha akasema, "Tangu Baba Furaha alikuwa angali anaona. Sisi wote tulijua, Mama Furaha. Kule nyuma tulikuwa tunaomba tu Mungu."

Wote walijua. Miaka yote ile, watu na watoto wao mgongoni, wanaomba kimya kimya nyuma yangu, halafu wanashuka wanasifu sauti ya injini. Nilikaa kwenye tuta la mahindi.

Hapo ndipo ulinijia wewe. Nilikumbuka ulivyorudi kutoka Mbarara, uso wako, na hayo maneno "wamesema nirudi tena." Nikampigia mama mdogo wako simu. Alijaribu kunizungusha, nikambana, akasema. Kwamba walikupa pikapu yao iliyo nzima ukaendesha kama nilivyoendesha mimi leo, huku na huku, ukapanda ukingo wa barabara, makopo ya maziwa yakagongana nyuma. Kwamba msimamizi wao alikuuliza nani alikufundisha kuendesha, na wewe ukamjibu, "Nilijifunzaka peke yangu." Kwamba amekupa nafasi moja zaidi, Jumatatu hii, kwa sababu ulimwomba, na ukishindwa tena nafasi anapewa mwingine. Kwamba ulilala ukilia, ukamkataza asiniambie.

Ulikuja nyumbani ukauza koti lako. Uliinyoosha landrova ya baba yako ili upate mahali pa kunyoosha mikono niliyokupotoshea. Na mimi nikakuita mwenye dharau, kisha nikakaa kando yako siku hizo zote nikikukazia tena kile ulichokuwa unajitahidi kukilegeza. Nimeona aibu, mwanangu. Naandika neno hilo na halitoshi.

Nataka uelewe mikono hii ilikotoka, si kwa kujitetea. Tulipotoka kwetu, walioanza kukimbia mapema ndio waliopona. Niliona kwa macho yangu yaliyowapata waliongoja kona ifike. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuanza mapema kwa kila jambo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshtukia ung'ongo maisha yako yote. Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa unasoma Mbarara, nikasikia uvumi sokoni kwamba wakimbizi watahamishwa? Sikungoja kuuliza. Nilikuja nikakutoa darasani ukiwa na kalamu mkononi, tukarudi Nakivale, tukafunga mizigo, tukakaa juu ya mizigo. Hakuna aliyehamishwa. Wewe ulikosa mtihani ukarudia darasa na watoto wadogo kuliko wewe, na marafiki zako wakatangulia. Nilikuuliza kama una hasira. Ulisema hapana. Nikakuamini, maana ilinifaa kukuamini.

Sasa nahesabu ni mara ngapi umeniambia hapana namna hiyo. Nimekulea vizuri mno katika hili. Nimekulea ukamsifu ng'ombe pembe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mimi.

Sijui nikupe ushauri gani. Heshima ni nzuri, usiitupe; Salatieli ni mtu bora kuliko wengi. Lakini yule polisi tuliyemcheka ndiye peke yake aliyetutakia uhai siku ile. Huko uendako, mtu akikwambia gari lako linalewa, mwulize kwanza ameona nini, halafu ndipo ukasirike ukitaka. Na msimamizi akikuuliza tena nani alikufundisha, mwambie ni mama yangu, alinifundisha kwenye gari bovu, sote hatukujua. Hilo si tusi. Ni kweli, na naweza kulibeba.

Barabara ikinyooka, iache inyooke. Ulikuwa unaifanya vizuri. Ile mikono iliyotulia nilidhani ni usingizi, kumbe ndiyo udereva, na mimi siujui. Nafurahi kwamba unaujua. Naogopa pia. Naogopa Jumatatu kuliko unavyoiogopa wewe, ndiyo maana kitanda chako kinalia na mimi niko hapa nasikiliza.

Tulikubaliana kwamba asubuhi nitakuendesha mimi hadi Kaberebere, upande gari la abiria. Nimebadili. Utaendesha wewe, mpaka Ruti, mpaka mlangoni kwa mama mdogo, na kwenye lami ya Mbarara utapita wewe kati ya malori. Kaka yake Salatieli atakwenda nasi, ndiye atakayemrudisha Bihogo, nimekwisha kumwomba. Baba yako atakaa mbele kama kawaida yake, akuelekeze barabara. Mimi nitakaa nyuma na magunia, pale walipokaa wengine.

Mdomo wangu siuamini. Najua tutakapofika kwenye kona za kabla ya Kaberebere nitapiga kelele, kata, kaza, shika. Nimeizoea mno sauti hiyo kuiacha kwa usiku mmoja. Usinyamaze, Furaha. Usiniambie hapana ile yako ya adabu. Geuza kichwa kidogo, niambie kwa sauti, mbele ya baba yako, "Mama, umekosea." Kisha uendeshe. Nataka nilisikie neno hilo kwako kabla hatujafika Ruti.

Mama yako